Dagaa wa Kigoma kwenye gunia la Mwanza: jibu kwa dada wa Kibirizi

SWALI: "Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 29, naishi Kibirizi, Kigoma. Tangu mwaka jana naendesha ukurasa wa bei za sokoni: dagaa, migebuka, mawese, pamoja na ratiba za boti za kwenda Kalemie, Uvira na Bujumbura. Facebook nina wafuasi 6,200, kundi langu la WhatsApp lina watu 940, na kuna tovuti ndogo niliyotengenezewa na kijana wa hapa mjini, akaiwekea matangazo ya Google. Kwa miezi minne tovuti imetazamwa mara 37,000 na nimeingiza dola 7 na senti 40. Bando nanunua la shilingi 1,000 kila siku. Sasa kuna jamaa wa Mwanza anataka kuniuzia wafuasi 20,000 kwa shilingi 150,000, anasema wenye pesa za matangazo wanaangalia namba. Mwingine ananiambia niachane na kuandika, nihamie YouTube. Nifuate lipi? Na hii biashara ya matangazo ya mtandaoni yenyewe inaelekea wapi?"

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeniletea hesabu kamili, na wengi huwa hawaleti, kwa hiyo tuanze nazo.

Dola 7.40 ukizigawa kwa mara 37,000 unapata senti 20 kwa kila mara elfu moja ukurasa wako unapotazamwa. Tuiweke dola kwenye shilingi 2,500 ili hesabu iwe nyepesi: hiyo ni shilingi 500. Watu wanafungua kazi yako mara elfu, wewe unapata pesa ya chupa ndogo ya maji. Bando la siku 120 limekula shilingi 120,000, tovuti imerudisha 18,500. Tena hizo 18,500 bado huna mkononi, kwa sababu AdSense, huo mpango wa Google unaowalipa wenye tovuti, hailipi mpaka salio lifike dola 100. Kwa mwendo huu utafika baada ya miezi 54, yaani miaka minne na nusu.

Kabla hujaanza kumlaumu kijana aliyekutengenezea tovuti, acha nikuulize jambo unalolijua kuliko mimi. Dagaa wa Kigoma akifika Kariakoo anauzwa ghali kuliko dagaa wa Mwanza, na mnunuzi analipa bila ubishi kwa sababu ameambiwa jina. Sasa chukua debe lako la dagaa safi, lililokaushwa kwenye kichanja, limwage kwenye gunia la dagaa wa Mwanza, ulifunge, ulipeleke sokoni. Utalipwa bei gani? Hutapewa hata senti ya nyongeza, na hakuna aliyekudhulumu. Wewe mwenyewe umelificha jina.

Matangazo ya Google ni gunia la namna hiyo. Msomaji wako anapogusa kiungo cha bei za leo, kabla ukurasa haujafunguka mashine zinaendesha mnada wa ile nafasi ya tangazo. Wanunuzi ni programu zinazoziwakilisha kampuni, na mnada mzima unakwisha kabla hujapepesa jicho. Kinachonadiwa ni vitu vichache: simu ya aina gani, iko wapi, inatumia lugha gani, mwenye nayo amekuwa akitafuta nini mtandaoni. Hakuna anayesema, "Huyu ni mwenye mitumbwi mitatu, injini moja imekufa juzi, anatafuta nyingine kabla giza halijaingia." Mashine haimjui mtu huyo. Inaona simu ya bei nafuu magharibi mwa Tanzania, inauliza nani anaitaka, na wanaojitokeza ni walewale: kubeti, mikopo ya simu, labda mtandao fulani wa simu. Wachache hao wanajua hakuna wa kushindana nao, kwa hiyo wanataja bei ya chini kabisa. Mtoto wa Ujiji aliyehamia London akifungua ukurasa huohuo, nafasi ileile inaweza kununuliwa kwa bei mara nyingi zaidi, kwa sababu benki na bima za kule zinamgombania.

Halafu kuna madalali. Mwaka 2020 umoja wa watangazaji wa Uingereza, ISBA, uliwapa PwC, kampuni ya ukaguzi wa hesabu, kazi ya kuifuata pauni ya mtangazaji tangu inatoka mfukoni mwake mpaka inamfikia mwenye tovuti. Wakakuta mwenye tovuti anapata wastani wa asilimia 51. Nyingine zinabaki kwa mawakala na mashine za katikati, na asilimia 15 haikujulikana ilipotelea wapi. Hapo ni Uingereza, waliofuatiliwa ni kampuni kubwa zenye wahasibu na wanasheria. Nilipoisoma ripoti ile nilimkumbuka mzee mmoja wa Uvinza aliyekuwa akisema dagaa anasafiri siku mbili na anabadilisha wenyewe mara sita.

Kwa hiyo senti 20 ni bei halali ya gunia. Hujafanya vibaya kazi, umeiuzia mahali pabaya.

Jamaa wa Mwanza na wafuasi wake 20,000 nitamjibu kwa kifupi: usinunue. Unawajua wanaoanika dagaa chini, mchanga unashika, uzito unaongezeka. Kwenye mizani wanashinda. Kwenye sufuria mama mpishi anatafuna mara moja, anatema, na duka lile harudi. Wafuasi wa kununua ni mchanga. Akaunti zile hazisomi, hazinunui mafuta ya mawese, nyingi hazina mtu nyuma yake. Tena zinakuharibia hata ulichonacho. Facebook ilitangaza tangu Januari 2018 kwamba itatanguliza posti za ndugu na marafiki mbele ya za kurasa, na posti inasambaa kwa kadiri watu wanavyoigusa, wanavyoijibu na wanavyoitumiana. Leo posti yako inapelekwa kwa watu wanaojua Kibirizi ni wapi. Ukichanganya maiti 20,000 humo, posti inapelekwa makaburini, kimya kinarudi, mashine inaamini umeandika kitu kisicho na maana.

Nami si msafi katika hili. Mwaka 2016 nilikuwa na tovuti ya habari za michezo ya Tabora, yenye matangazo ya namna hiyohiyo. Nikapata akili ya kijinga: nikawaomba vijana wa kijiwe cha bodaboda karibu na stendi wawe wanabofya matangazo, kila mmoja mara tano kwa siku, jioni nawanunulia soda. Siku ya kwanza mapato yaliruka, nikajiona tajiri. Siku ya kumi na moja akaunti ikafungwa na dola 83 zilizokuwamo zikaondoka nayo. Simu sita, mtaa mmoja, saa ileile, kila siku: mashine isiyomjua mwenye mitumbwi inalijua sana jambo la namna hiyo. Nilibaki na deni la soda.

YouTube nayo si mbaya, ila tuipige hesabu. Ili uingie kwenye mgawo wa matangazo unatakiwa uwe na watu 1,000 waliojiandikisha, na video zako ziwe zimetazamwa saa 4,000 ndani ya miezi 12. Kuna mlango wa pili wa video fupi, huo unadai zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90, tuuache. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Mtu akikuangalia dakika tatu, unahitaji kutazamwa mara 80,000. Ukishaingia unapata asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video ndefu na 45 kwenye fupi, na matangazo yenyewe yanatoka kwenye mnada uleule. Yaani umehama gunia, hujahama soko. Kama unapenda kupiga video, piga; boti inayopakia mizigo alfajiri ni picha tamu, na Waha walioko Dar na ng'ambo wataiangalia kwa machozi. Lakini mvuvi anayetaka bei ya beseni la dagaa saa moja asubuhi hawezi kula bando lake akisubiri umalize kumsalimia. Anataka mstari mmoja. Mstari huo ndio bidhaa yako.

Sasa tuje kwenye pesa.

Nilianza kazi hii Tabora kwa kuuza dakika za redio, baadaye nikauza mabango ya mtandaoni. Mteja wangu wa kwanza wa mtandaoni alikuwa mzee mwenye duka la mabati. Mwezi ulipokwisha nikampelekea ripoti ya kurasa mbili, nimeichapisha kwa rangi: tangazo limeonekana mara 48,000. Mzee akavaa miwani, akasoma mpaka mwisho, akaigeuza karatasi kuona kama nyuma kuna kitu. Kisha akaniuliza, "Kijana, hawa elfu arobaini na nane, nani kati yao ameingia kwa mlango ule?" Akanyoosha kidole mlangoni. Palikuwa na mbuzi amesimama.

Sikuwa na jibu. Alinilipa, hakuwa mtu wa kudhulumu, lakini hakutangaza nami tena.

Mteja wa pili nilimpelekea daftari. Daftari la shule, kurasa 48. Tulikubaliana kwenye tangazo tuandike, "Ukifika dukani taja neno mvua, unapunguziwa shilingi 500 kwa kila bati." Kila anayelitaja, binti wa dukani anachora mstari. Mwezi ulipokwisha tulihesabu mistari 17. Kumi na saba tu! Nilipojiandaa kuomba radhi, mwenye duka alikuwa ameshachukua kikokotoo, kwa sababu wawili kati ya wale walikuwa wanaezeka nyumba nzima. Alilipia miezi mitatu mbele.

Hapo ndipo utakapopata riziki yako. Chukua muuza injini za boti wa Mwanga, hapo hapo Kigoma mjini. Tuseme injini moja anabakiwa na shilingi 300,000. Akiuza moja tu kwa mwezi kwa sababu yako, na wewe ukamtoza 40,000, hawezi kulala akifikiria kukuacha. Ili uzipate hizo 40,000 kwa senti 20 za Google, ukurasa wako ungelazimika kutazamwa mara 80,000. Kwake unahitaji mvuvi mmoja aliyekwama. Na wavuvi waliokwama wamo kwenye lile kundi lako la watu 940, wanakusoma kila asubuhi kabla ya chai.

Usiwafuate wateja kumi kwa pamoja. Wafuate watatu wasioshindana: muuza injini na vipuri, mwenye nyavu na taa za uvuvi, na wakala wa mizigo anayesafirisha ng'ambo ya ziwa. Huyu wa tatu watu humsahau, nami ningeanza naye. Mfanyabiashara wa Kalemie au Uvira anasoma Kiswahili chako, anaangalia ratiba zako za boti, na ana mzigo. Kwenye mnada wa Google huyo ni simu mbili zisizoeleweka, moja Kongo na nyingine Tanzania. Kwa wakala wa mizigo ni mteja wa mwaka mzima.

Bei ya matangazo usiitangaze kwa mwezi wa kalenda. Itangaze kwa giza. Wewe unajua kwamba wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani na taa zao usiku wa giza, mbalamwezi ikipevuka wanapumzika, kwa sababu dagaa hawaifuati taa wakati ziwa lote linang'aa. Basi pesa ya Kibirizi inatembea kwa mwezi wa angani. Siku za mbalamwezi watu wanashona nyavu, wanafungua injini, wananunua vipuri: hapo weka tangazo la mwenye nyavu na la muuza injini, tena siku mbili tatu kabla. Mabaharia wakishagawana mapato ya giza, weka vitenge, simu, viatu vya watoto. Hakuna programu ya California itakayokushinda kwenye kalenda hiyo. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika uliposimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, mtu aliyekuwa amemuuzia mwenye nyavu tangazo la miezi mitatu alijikuta anarudisha pesa. Kwa hiyo andika kwenye makubaliano: ziwa likifungwa, siku zinasogezwa mbele.

Tangazo la bure usimpe mtu, hata la kuonja. Mwanga ni padogo, na bei ya kwanza ndiyo watu watakayoikumbuka. Ni afadhali uanze na 20,000 ukapanda kuliko kuanza na sifuri. Na ulipwe kabla, kwa lipa namba, siyo "nitakutumia kesho." Wakala mmoja, ambaye sitamtaja, alinizungusha miezi mitano kwa kazi iliyokwisha siku thelathini, mwisho akanilipa nusu na kunishauri nimshukuru Mungu.

Kuna pesa ya pili hapo, na kwa wenye kurasa ndogo mara nyingi inaishia kuwa ya kwanza. Wafanyabiashara wengi wa mjini wanataka kubusti posti zao, yaani kuilipa Facebook izisambaze, na hawajui. Wanabonyeza kile kitufe cha buluu, Facebook inawapelekea tangazo la saluni ya Mwanga mpaka Mtwara, pesa inaisha, wanasema mtandao ni uongo. Ukijifunza kuchagua eneo ukaishia Kigoma mjini na Ujiji, kuchagua saa, kupiga picha yenye mwanga na kuandika maneno mawili yenye bei ndani, unaweza kutoza ada ya kazi hiyo peke yake. Pesa ya kubusti iwe yake, ada iwe yako, msichanganye. Na mkumbushe kwamba huduma za kidijitali kutoka nje zina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18: akitaka tangazo la 50,000, aandae 59,000.

Umeniuliza biashara hii inaelekea wapi.

Bango la kwanza linalokumbukwa liliwekwa na AT&T kwenye tovuti ya HotWired mwezi Oktoba 1994, na inasimuliwa kwamba watu 44 kati ya kila 100 walioliona walilibofya. Siku hizi bango likibofywa na mmoja kati ya elfu hakuna anayeshangaa. Macho ya watu yamezoea, yanaruka. Pesa zenyewe, hata hivyo, hazikupungua: zilihama. Mwaka 2024 Google na ndugu zake chini ya Alphabet waliingiza zaidi ya dola bilioni 264 za matangazo, Meta, wenye Facebook, Instagram na WhatsApp, zaidi ya bilioni 160. Ukiwaongeza Amazon, ByteDance wenye TikTok, na Alibaba, hao watano wanakula zaidi ya nusu ya matangazo yote ya dunia, ukihesabu redio, magazeti, televisheni na mabango ya barabarani humohumo. Wanaobaki wanagombania makombo, na ukubwa hauwasaidii. BuzzFeed News, tovuti ya habari ya Marekani, ilipata tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari kule, mwaka 2021, ilikuwa na wasomaji wa mamilioni, na Aprili 2023 ikatangazwa kufungwa. Walikuwa wanauza macho kwa maelfu, kama unavyofanya wewe, ila kwa magunia makubwa zaidi.

Mambo mengine utakayoyasikia watu wakiyabishania yako mbali na Kibirizi. Kuhusu vidakuzi, zile alama zinazomfuata mtu tovuti hadi tovuti, Google ilitangaza mwaka 2020 kwamba itavizima kwenye Chrome, kivinjari chake, ikaahirisha, ikaahirisha tena, na mwaka 2024 ikabadili msimamo. Apple haikusubiri: tangu Aprili 2021 simu zake zinamuuliza mtu kama anakubali kufuatiliwa, na Meta ilikadiria kwamba jambo hilo lingeipotezea kama dola bilioni 10 mwaka 2022. Aprili 2025 jaji wa Marekani, Leonie Brinkema, aliamua kwamba Google imehodhi kinyume cha sheria sehemu ya mitambo ya mnada ule niliokueleza. Soma kama habari. Senti zako 20 hazitakuwa 40 kwa sababu ya hukumu.

Mawili ndiyo yanayokuhusu. La kwanza, Facebook na WhatsApp ni nyumba za kupanga. Agosti 2023 Meta iliondoa habari zote kwenye Facebook na Instagram nchini Kanada baada ya kugombana na sheria mpya ya huko, na vyombo vidogo vya mijini vilivyokuwa vimeweka kila kitu humo viliamka havina wasomaji. Kwa hiyo kila mteja na kila msomaji anayekubali, chukua namba yake, iandike pembeni, pawe na njia ya kumfikia hata kwa SMS ya kawaida. Kundi lako la WhatsApp nalo linakaribia kujaa, mwisho ni watu 1,024. Usifungue kundi la pili. Fungua chaneli ya WhatsApp, haina kikomo hicho, na wafuasi hawaonani namba. Kundini kila mtu anaiona namba ya mwenzake, na huyo jamaa wa kuuza wafuasi ndipo anapovuna. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023. Ukikusanya namba za watu una wajibu nazo, na kumuuzia mtu orodha yako ni kosa hata akikupa laki tatu.

La pili ni akili mnemba. Tangu Mei 2024 Google imeanza kuweka majibu yaliyoandikwa na mashine juu kabisa ya matokeo, kuanzia Marekani. Mtu anauliza, anajibiwa palepale, hafungui tovuti ya mtu. Wanaoandika "faida kumi za mawese" wataumia, na sitawalilia, wengi walinakili kwa wenzao. Lakini mashine haiwezi kujua leo alfajiri beseni limeuzwa shilingi ngapi Kibirizi, wala kwamba boti ya Uvira imechelewa kwa sababu ya upepo. Lazima mtu awe amesimama pale, viatu vimelowa. Mtu huyo ni wewe, na ndiyo maana nakukataza kugeuza ukurasa uwe wa udaku na mipira hata siku soko likipoa.

Mambo ya serikali usiyaruke. Ukiandika habari na matukio mtandaoni kwa umma, leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inahitajika. Kanuni zilitoka 2018, zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa 2022. Bei na ratiba peke yake ni jambo moja, siku ukiripoti ajali ya boti au mkutano wa diwani ni jambo jingine, kwa hiyo waulize wakujibu kwa maandishi. Kachukue TIN, namba ya mlipa kodi. Kampuni yenye utaratibu ikikulipa inaweza kukukata kodi ya zuio ya asilimia 5, iliyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2024 kwa watengeneza maudhui ya mtandaoni. Omba cheti cha zuio, usikasirike tu. Na kila tangazo liandike TANGAZO, juu, kwa herufi kubwa. Watakuja watu wa dawa za nguvu na vidonge vya kupunguza tumbo, hao huwa wanalipa vizuri na kwa haraka. Waombe kibali cha kutangaza dawa cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Wengi hawatarudi.

Jambo moja la kusimamia kama mboni ya jicho: bei za sokoni zisinunuliwe. Mwenye gari la mzigo akikwambia andika bei ya chini leo ili anunue kwa urahisi, atakupa pesa nyingi kuliko muuza injini. Ukikubali mara moja, wavuvi watajua kabla jua halijazama, na hapo hata mwenye nyavu hana sababu ya kukaa karibu nawe.

Wiki hii, basi, nenda kwa wakala wa mizigo na daftari. Mwoneshe simu yako, mwoneshe watu 940, mwoneshe swali la jana kundini, maana najua lipo, la mtu anayeuliza nani anapeleka mzigo Kalemie. Mwulize mzigo mmoja kwake una faida gani. Usitaje bei yako kabla hajakujibu.

Yale matangazo ya Google usiyafute. Mwambie kijana wako ayaondoe juu ya jedwali la bei, ayashushe chini kabisa ya ukurasa, yaendelee kutafuta hizo dola 92 na senti 60 zilizobaki taratibu. Nafasi ya juu mwachie muuza injini.